Mwalimu Anastasie na Wafalme wa Mto wa Mbali

Anastasie alikuwa mwalimu wa historia huko Djugu, mashariki mwa Kongo. Mwaka 2003 kijiji chao kilichomwa vitani, akakimbilia Bunia na mama yake, Gertrude. Walipata hema katika kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege. Mji wenyewe ulikuwa umebadilisha watawala wenye silaha mara tatu katika miezi michache.

Langoni alilinda Anwarul, askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Bangladesh, aliyejifunza Kiswahili sokoni. Siku moja alimkuta Anastasie akifundisha watoto, akiandika mchangani kwa kijiti.

"Mwalimu, hata kwetu iko historia," alisema. "Kijiji yetu iko kando ya mto mukubwa. Zamani sana wafalme wa Pala walitawala. Kisha wakakuja wa Sena. Kisha Waturuki na farasi."

"Na walimaji? Mufalme akibadilika, wanafanya nini?"

"Wanapanda mupunga. Mufalme mupya anatuma mutu wa kodi, basi."

Anwarul akamweleza kwamba babu yake, akilima, alifukua bamba la shaba. Mfalme mmoja alikuwa ameandika humo shamba alilompa kuhani, na mipaka yake: mti fulani, kijito, njia ya ng'ombe.

"Majina ya walimaji iko?"

"Hapana, mwalimu. Hata moja."

Jibu hilo lilimsumbua Anastasie siku nzima. Kesho yake alichukua kaye, daftari la shule, na kalamu, akapita hema kwa hema akiuliza: shamba lako liliishia wapi? Jirani yako nani?

Muzee Hubert, mkulima wa mihogo, alikataa kwa hasira. "Majina ku karatasi ndiyo iliua watu, wenye bunduki waliyasoma nyumba kwa nyumba! Weye unamuandikia nani?"

Anastasie alijua mzee hakukosea. Kisha akamkabidhi kaye. "Basi ikae kwako, muzee. Anayetaka kuandikwa atakuja kwako."

Hubert aliilalia, chini ya mkeka wake, kwa wiki mbili. Kisha alikuja jirani mmoja, halafu watano, halafu foleni.

Mwaka 2006 familia za kwanza zilirudi Djugu. Mashamba kumi na moja yalipatikana bila ugomvi kwa msaada wa kaye ile. Mengine yanabishaniwa hadi leo. Anastasie hakurudi. Alipata darasa mtaani Shari, hapo Bunia, na wanafunzi wake humlalamikia: akishawatajia mfalme yeyote, lazima watafute nani alikuwa akimlisha.