Mabega Ishirini na Manne

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, aliacha wasia wa mistari mitatu. Niliuandika mimi, yeye akinitajia maneno huku amejilaza ubavu kwenye kitanda cha kamba. Mstari wa kwanza ulihusu vyombo vyake vya kutengenezea cherehani, wa pili chumba cha chini alichotaka abaki nacho binti yake. Wa tatu ulisema abebwe mabegani kutoka msikitini hadi makaburini, asipandishwe gari.

"Usiandike gari tu," akanikosoa. "Andika gari lile."

"Watu watajua ni lipi?"

"Lina uso wa mtu ubavuni, bwana. Nani asiyelijua? Nife, nioshwe, nivishwe sanda, halafu nitembezwe mjini nikimfanyia mtu kampeni?" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Gari lile ni la kubebea maiti, la rangi ya kijani, na lililetwa Mji wa Kale na mwakilishi wetu wa wadi. Picha yake imebandikwa pande zote mbili, na chini ya picha pameandikwa kwamba yuko pamoja nasi. Sitaki kulisingizia gari. Dereva wake ana adabu, hatozi mtu chochote, na siku za mvua amewafaa wengi. Waliohamia Kisauni au Likoni, wakitaka kuzikwa kisiwani karibu na wazee wao, hawana njia nyingine.

Lakini sisi wa hapa mtaani hatukuwa na haja nalo. Kutoka msikiti wetu hadi makaburini ni mwendo wa dakika thelathini na tano; nimeupima kwa saa. Tulikuwa tukibeba wenyewe. Watu wanane hushika miti ya jeneza, wengine hufuata, na kila baada ya hatua kadhaa anayefuata humgusa bega aliye mbele yake, yule akatoka, yeye akaingia. Sharti la zamu ile ami ndiye aliyetufundisha tulipokuwa vijana, na alilisema kwa ukali kama mtu anayegombana: ukiguswa bega, toka. Usimtazame ni nani. Usimwambie subiri. Kila mtu ana haki ya kupata thawabu zake.

Baada ya gari kuja, mambo hayakubadilika kwa siku moja. Mwanzoni tulibeba, gari likatufuata tupu. Kisha tukawa tunabeba hadi barabara kubwa tu. Mwisho jeneza likawa linapandishwa garini mlangoni mwa msikiti, sisi tunafuata kwa tuktuk, na asiyepata nafasi anarudi dukani kwake. Hakuna aliyetuamrisha. Niliacha shule mapema na nimejisomea mengi tangu hapo, zikiwemo hotuba za viongozi wa bara hili juu ya kujitegemea. Zote zinataja viwanda, mashamba na madeni ya nchi. Sijaona hata moja inayotaja jeneza.

Ami alifariki asubuhi, na tulipanga kumzika baada ya alasiri. Binti yake, ambaye ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili, alinisubiri ukumbini akiwa amefunga leso kiunoni kama mtu aliye kazini. Kwetu wanawake hawafuatani na jeneza, kwa hivyo alilotaka lifanyike alikuwa hana budi kunikabidhi mimi.

"Utamtoa kwa mabega?"

"Nitamtoa."

"Si mabega ya wapita njia, ya kukusanywa ndiani. Watu wetu, wanaomjua."

"Watu wetu," nikamwambia.

Nikakaa barazani na karatasi. Wanane mara tatu ni ishirini na wanne. Kwa idadi hiyo mtu hubeba kidogo, akapumzika, akarudi, na hakuna anayechoka. Niliorodhesha majina thelathini nikaanza kupiga simu. Mmoja alikuwa Feri, amekwama kwenye foleni ya kivuko. Mwingine alihamia bara, akaniambia pole yake nimfikishie binti. Wawili wako Uarabuni. Wengine walinipa udhuru wa kazi, na nikauamini. Lakini wengi kati yao, kabla ya udhuru wowote, waliniuliza swali lile lile: "Kwani gari halipo?" Niliposema lipo ila marehemu amelikataa, walinitaka nirudie, kana kwamba nimewaambia marehemu ameomba azikwe mwezini.

Lazima niseme pia kwamba ami hakuwa mtu mwepesi. Alikuwa amegombana na nusu ya mtaa, na nusu iliyobaki alikuwa hajaifikia tu. Pengine wengine hawakuja kwa sababu hiyo.

Baada ya kumswalia tulikuwa kumi na watatu. Miongoni mwetu alikuwamo muuza vitambaa, Muislamu mwenzetu wa asili ya Kihindi, aliyefunga duka saa ambayo wateja ndio kwanza wanaanza kuingia. Tulipokuwa tunainua jeneza, akatokea fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Kaloleni, Mkristo, ambaye karakana yake imepakana na ile ya ami kwa miaka mingi. Alikuwa na fulana ya kazini yenye matundu ya cheche. Alisimama nje ya kundi, mikono nyuma.

"Bwana," akaniita. "Mimi si wa dini yenu. Naweza kushika?"

Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Aa, hapo sijui."

"Hujui nini?" muuza vitambaa akamgeukia. "Mzee alikuwa akigombana na sisi Waislamu. Huyu ndiye rafiki pekee aliyebaki naye. Ndoo huku, fundi, shika hapa."

Watu wakacheka, japo ni msibani. Fundi akaingia chini ya mti wa nyuma, na tukawa kumi na wanne.

Tulitoka vizuri. Katika vichochoro mwendo ni wa pole, na wenye maduka walisimama tulipopita. Wawili watatu walishika hatua kumi kisha wakarudi. Nyuma yetu niliusikia mlio wa injini. Dereva wa gari la kijani alikuwa akitufuata, akatoa kichwa dirishani na kusema kwa upole, "Sheikh, mimi nipo tu. Mkichoka mniambie." Nilimshukuru. Tulipofika barabara kubwa ya kwenda Makupa tulikuwa tumechoka kweli. Waliobaki nje ya miti walikuwa sita, watatu kati yao wazee, na mimi sikuwa nimebadilishwa tangu mlango wa msikiti. Bega langu la kulia lilikuwa limekufa ganzi. Magari yalikuwa mengi, tukasimama kungoja njia.

Hapo ndipo mwakilishi alipowasili. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa pili, kanzu imepigwa pasi, pamoja na vijana kama kumi waliovaa kanzu za aina moja, na mpiga picha mbele yao akitembea kinyumenyume. Vijana wawili walisimamisha magari kwa mikono yao, na magari yakasimama. Kisha nikahisi kidole kwenye bega langu.

"Ndugu yangu," mwakilishi akasema, "nipishe na mimi nipate thawabu."

Nilikuwa na muda wa kufikiri, ijapokuwa mfupi. Nilimkumbuka binti wa ami. Nililikumbuka pia sharti, usimtazame ni nani, ambalo muda mfupi kabla ya hapo ndilo lililomwingiza fundi. Siwezi kusema lilikuwa sharti la fundi peke yake. Nikatoka, na mwakilishi akaingia. Vijana wake wakawagusa wengine mabega, mmoja mmoja, kwa heshima zote, nao wakatoka, na nina hakika kila mmoja alishukuru kupumzika. Mpaka hapo sijutii.

Lakini fundi alikuwa bado ameshika nyuma. Mpiga picha alitazama kwenye kioo cha kamera, akashusha mkono.

"Wewe wa fulana," akasema, "toka kidogo. Waharibu picha."

Hakumgusa bega. Hakuna aliyetaka kuingia mahali pake wakati ule. Mahali pake palitakiwa pawe tupu tu. Fundi alinitazama mimi. Alikuwa akiniuliza kwa macho kama ndivyo inavyofanywa kwetu. Mimi nilikuwa nikisugua bega langu, na nikatazama magari. Akatoka. Kijana mmoja wa kanzu akaingia alipotoka, na jeneza likavuka barabara.

Tulizika kabla ya magharibi. Mwakilishi aliomba dua nzuri, fupi, akaondoka. Fundi sikumwona kaburini.

Nilirudi nyumbani kwa ami. Binti yake alikuwa amekaa na wanawake wenzake, akainuka akanifuata mlangoni.

"Alibebwa?"

"Alibebwa."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Garini hakupanda."

Akanipa simu yake. Picha ilikuwa imeshazunguka, na maneno juu yake yalisema mheshimiwa amejitolea kumbeba mzee wa mtaa kwenye safari yake ya mwisho. Jeneza la baba yake lilikuwa katikati, limebebwa na watu wanane.

"Hawa ni nani?" akaniuliza. "Simjui hata mmoja ila huyu wa mabango."

Nikamweleza yote. Nilimweleza uchache wetu, barabara, kidole begani na sharti la baba yake. Nilipofika kwa fundi nilitaka kupita haraka, lakini nikajilazimisha kusema na hilo, kwamba alitolewa na mimi nikiwapo.

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

Akaichukua simu yake mkononi mwangu. "Basi hayo nenda kamwambie fundi," akasema. "Usinieleze mimi." Akarudi kwa wageni wake.

Tangu siku ile nimepita mbele ya karakana ya fundi mara tatu. Akiniona huinua barakoa yake ya kuchomelea, ananiuliza nyumbani hawajambo, na mimi humjibu hawajambo, kisha naendelea na njia yangu.