Koti la Mwimbaji Dirishani Mwanjelwa

Siku hizi nasoma Iringa, na kila nikipita mbele ya studio ya picha nasimama kidogo, nanusa. Hakuna inayonukia kama ya mjomba wangu kule Mwanjelwa: dawa za kusafishia picha, poda, na jasho la watu waliovaa tai kwa mara ya kwanza. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa ndege ya bawa moja. Rangi ilimwishia mchoraji. Mteja akija na ndala, mjomba alimwazima viatu. Kila likizo kazi yangu ilikuwa kuvipaka rangi viatu hivyo, na kuwachekesha wateja waliokakamaa mbele ya kamera kama wanaosubiri sindano. Kazi hiyo ya pili niliiweza sana.

Ijumaa moja alikuja mwimbaji wa dansi aliyependwa kuliko wote mkoani kwetu. Taa zikamchoma, akavua koti, akapigwa picha akiwa na shati tu, akaondoka akicheka. Koti akalisahau kwenye msumari. Jumapili redio ikasema amechomwa kisu nje ya ukumbi wa dansi, Chimala. Amefariki.

Mjomba alilia kweli, sitamsingizia. Kisha akalitundika koti dirishani, "watu wamuage." Watu wakaja, wakavua kofia, wakapita. Siku ya tatu nikalisogeza koti kwa mkono wangu wenye rangi ya viatu ya kahawia. Likapata doa kifuani, ukubwa wa kiganja. Kabla sijalifuta, mama mmoja akabandika uso kwenye kioo.

"Hiyo ni damu?"

"Ndiyo, mama. Damu yenyewe."

Wallahi nilitaka kumtania tu. Lakini kesho yake foleni ilifika duka la vitambaa la Mhindi. Wafugaji walipanda basi toka Usangu na fimbo zao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ilikuwaje koti la Mwanjelwa lipate damu ya Chimala. Nami nikaongeza maigizo: nashika kifua, nayumba, naanguka. Nilikuwa nakufa mara kumi kabla ya chakula cha mchana, na kila nikifa watu wanasema "Aaa!" Mjomba alikuwa chumba cha giza anasafisha picha. Sijui alisikia mangapi, na mangapi aliyanyamazia.

Siku moja nimelala chini nimekufa vizuri, nikaona miguu ya mwanamke haiondoki. Amejifunga kaniki, amesubiri foleni kama wengine. Akaningoja niamke.

"Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene, dada."

"Mimi ni dada yake."

Nikamwita mjomba.

Mjomba akatoka mbio, anafuta mikono. "Pole, dada yangu. Pole sana. Tumeliweka kwa heshima. Watu wanamkumbuka."

"Wanamkumbuka, kaka, au wanaangalia alivyokufa?"

Mjomba akatazama viatu vyake.

Yule dada akasema ametoka Kihesa, Iringa. Jumamosi inayofuata wangeanua matanga na kugawa nguo za marehemu. Mdogo wao wa mwisho hakuomba suruali wala redio, aliomba koti hili tu. "Ila habari zimetufikia kwamba lina damu. Wazee wamesema nguo yenye damu ya mtu aliyeuawa haivaliwi, inafukiwa. Mtoto hali chakula. Ndiyo nimekuja nione."

Akalishusha, akalitandaza mezani, kidole kikawa kinazunguka doa bila kuligusa. Nilijua nikinyamaza koti litaingia shimoni, na hakuna atakayejua milele.

Nikaenda uani, nikarudi na kopo la rangi ya viatu. Nikaliweka karibu na koti.

"Ni hii," nikasema. "Mkono wangu. Nilidanganya."

Akainama, akanusa kopo, akanusa koti. Nilisubiri kofi. Nilikuwa nalitaka, kusema kweli.

"Una mafuta ya taa?"

Nikasugua mbele yake, mafuta ya taa kwanza, kisha sabuni ya mche, mpaka vidole vikababuka. Doa lilififia, halikwisha. Akalitazama kwenye mwanga, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa toka nje. Uwaambie."

Nikasimama mlangoni, watu wote wananitazama wakingoja nife. Nikasema si damu, ni rangi ya viatu, marehemu hata hakuwa amelivaa siku alipouawa, alilisahau tu.

"Kwa hiyo damu hamna?" akauliza kijana wa mbele.

"Hamna."

"Ah! Twendeni zetu." Foleni ikavunjika palepale, wengine wakinitukana kwa kuwapotezea muda. Hakuna aliyeuliza koti linakwenda wapi.

Dada mtu alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Alilikunja koti likiwa bichi, akaliweka kifuani juu ya kaniki, akapita katikati yao kuelekea kwenye mabasi ya Iringa. Walimpisha bila kumjua.