Mwali Aliyengojewa Damu

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya ukunga, Matroni, mkuu wa wauguzi, alinipokea mlangoni mwa wodi ya wanawake, mjini Morogoro, kwa onyo: "Binti, hapa mtu haitwi kwa ugonjwa wake. Ana jina." Nililishika agizo hilo hadi nilipostaafu. Si wakubwa wote waliokuja baadaye waliolishika.

Nilipangiwa zahanati milimani Uluguru, kisha nikarudishwa mjini enzi za soko huria, maduka ya dawa ya watu binafsi yakichipuka huku kabati letu la dawa hospitalini likipigwa vumbi. Ndipo Mwanahawa alipoletwa kutoka mlimani na bibi yake mzaa mama. Alikuwa na matiti kama wenzake, lakini damu ya mwezi haikuwa imekuja. Bibi alimweka ndani kama mwali, akiingojea damu hiyo ndipo achezwe ngoma na kutolewa. Wenzake walikwisha kutolewa, wakaolewa. Yeye alibaki ndani.

Daktari bingwa alimpima. Hakuwa na mji wa mimba. Kinenani mlikuwa na korodani ambazo hazikushuka. Vipimo vilivyopelekwa nje ya nchi vilionyesha kromosomu za X na Y, kama za wanaume. Bingwa alifafanua kwamba mwili wake hauitikii homoni ya kiume, hivyo ulikua wa kike tangu tumboni.

Mganga Mfawidhi, mkuu wetu, hakungoja amalize. "Basi ni mwanamume. Mvalisheni suruali."

"Daktari, mwenyewe anakusikia," nilisema.

Mjomba wa Mwanahawa, aliyefuatana nao, akadakia: "Mwanamume hachezwi unyago. Na akiwa mwanamke, hazai. Arudi ndani mpaka ukoo uamue."

"Sirudi, mjomba," Mwanahawa alisema. "Nyufa zote za ukuta ule nazijua."

Bibi akamgeukia mjomba huyo, mwanawe wa kumzaa. "Wewe umeoa mara tatu, hata kitoto hujaleta. Nani alikufungia ndani?"

Wauguzi walicheka, Mfawidhi akakohoa. Bibi akamuuliza bingwa, "Damu hiyo itakuja?"

"Haitakuja, Bibi."

"Basi tunamngoja nani?"

Baada ya mavuno alichezwa, akatolewa mchana kweupe. Nilikuwepo.

Sasa nimestaafu, na nimechoka. Bado nasikia watu waliosoma, wasio na udhuru wowote, wakimwita "yule dume wa mlimani". Nawasahihisha, kesho wanarudia. Yeye huuza mboga sokoni, na kila anionapo hunyanyuka.

"Shikamoo, Mama Mkunga."

"Marahaba, Mwanahawa," nami huitika, kwa sauti ya kusikika hadi meza ya mwisho.