Mkwe aliyetaja tumbo mbele ya jumuiya

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Masieda, wilayani Mbulu. Letisia Tadeo ameketi kwenye kigoda jikoni kwa mama mmoja, daftari magotini, na anauliza swali ambalo wengi hawathubutu kumuuliza hata ndugu yao wa damu.

"Choo umepata lini, mama yangu?"

"Juzi."

"Kigumu?"

"Kama cha mbuzi," anajibu mama huyo, na wote wawili wanacheka mpaka moshi unawapalia.

Letisia, mwenye miaka 34, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Ana nyumba 74 za kutembelea kwa miguu, na posho yake, anasema, huisha kabla ya soli za viatu. Siku hizi anazunguka zaidi kwa watu wenye presha walioshauriwa kupunguza nyama na chumvi, na kula zaidi maharage, mbaazi, majani ya maboga na ugali wa dona.

Kushauri ni rahisi. Tumbo ndilo halina adabu, na Letisia alilijua hilo kwa gharama kubwa, nyumbani kwake mwenyewe.

Mwaka jana baba mkwe wake, Mzee Gervasi Sulle, alianguka zizini, mdomo ukaenda upande. Baada ya saa moja ulirudi. Daktari alisema hicho kilikuwa kiharusi kidogo cha kuonya, na kikija cha pili hakitaonya. Alimwandikia vidonge, akamwambia apunguze nyama na chumvi.

Mzee Gervasi, mwenye miaka 68, amefanya biashara ya ng'ombe minadani tangu ujana. Kwake asubuhi ni supu na jioni ni nyama. Mboga za majani aliziona kuwa chakula cha watu waliokosa.

Letisia hakungoja. Siku iliyofuata jiko lote lilibadilika: mchana maharage, jioni mbaazi, na bakuli la sukuma wiki kila mlo.

"Nilimbadilishia mzee maisha kwa siku moja," anasema. "Nilikosea. Nilikuwa nafundisha watu kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kukifanya."

Siku ya nne tumbo la mzee lilijaa gesi kama ngoma. Jumamosi akaenda kwenye jumuiya, ibada ya majirani inayozunguka nyumba kwa nyumba, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake. Watu waliinamisha vichwa kwa sala ya kimya. Katikati ya ukimya huo tumbo la mwenyekiti liliunguruma, kisha mwili wake ukatoa sauti nyingine ambayo hakuna aliyehitaji kuuliza ni ya nini.

Watoto waliangua kicheko. Mtu mzima mmoja alijikoholesha kuficha chake. Mzee Gervasi alichukua kofia na fimbo, akaondoka kabla ya baraka.

Tangu siku hiyo hakwenda tena jumuiya. Maharage aliyarudisha jikoni, akaacha kwenda kliniki, na mwisho akaacha hata vidonge, kana kwamba vyote vilikuwa vimekula njama ya kumwaibisha.

Na Letisia hakuweza kusema neno. Katika familia hii, kama katika nyingi za huku, mke wa mtoto hazungumzi na baba mkwe mambo ya tumbo wala choo.

"Nyumba 74 nauliza bila aibu," anasema. "Ya 75 ni ya baba mkwe. Pale nasema shikamoo, naweka chakula, natoka."

Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa hawezi hata kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Mbaya zaidi, mama mkwe wake, Mama Perpetua, aligundua kwamba mfuko wa magadi ya ng'ombe unapungua na ng'ombe hawajalambishwa. Mzee alikuwa anayayeyusha kwenye maji na kunywa kwa siri, akihofia gesi isije ikarudi. Magadi hayo yamejaa chumvichumvi ileile inayopandisha presha. Mama Perpetua alipomshawishi apimwe, presha ilisoma 198 kwa 112.

"Usiku ule nililia," anasema Letisia. "Nilikuwa naona jeneza, na mimi ndiye niliyelitengeneza."

Alikwenda kwa Ernestina, muuguzi wa zahanati aliyehamishiwa Mbulu kutoka Mtwara, ambaye hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Dada, wewe ulikuwa na haraka," Ernestina alimwambia. "Tumbo lililozoea nyama na sembe haliwezi kupokea gunia la maharage siku moja. Anza na vijiko vichache. Ongeza wiki kwa wiki, na maji anywe ya kutosha. Gesi itakuja, halafu itapungua."

Akamuuliza pia maharage wanayaloweka namna gani. Hapo ndipo lilipoibuka jambo la Mama Perpetua. Yeye aliyaloweka, sawa, lakini aliyapikia majini humohumo, ilhali maji hayo ndiyo huongeza gesi.

"Chemchemi iko mwendo wa dakika arobaini," anajitetea Mama Perpetua. "Maji niliyoyabeba kichwani niyamwage? Nina wazimu?"

Walielewana kwamba maji hayo yatamwagilia sukuma wiki. Mboga zilinawiri, na mama akatulia.

Kisha Letisia akaanza kuyala maharage yeye mwenyewe, kidogo kidogo, akiandika kila siku daftarini hali ya tumbo lake. Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Ya pili alipata choo laini kila asubuhi. Ya tatu alisahau kuandika, kwa sababu hakukuwa na la kuandika.

Zamu ya jumuiya ikafika nyumbani kwa Mzee Gervasi. Hakuwa na pa kukimbilia. Mtu hawezi kuwatoroka wageni wake mwenyewe.

Baada ya sala, wakati wa matangazo, Letisia alisimama. Hakumtazama mzee. Aliwatazama wanawake.

"Mimi mama Bryson nimekula maharage wiki tatu," alisema. "Wiki ya kwanza nimetoa hewa mpaka mtoto akahama kitanda. Siyo laana, siyo uzee, siyo ugonjwa. Ni tumbo linajifunza chakula kipya."

Mume wake, Felician, aliinamisha kichwa. Mama Perpetua alijifunika uso kwa kitenge. Mkwe ametaja hewa ya tumbo mbele ya baba mkwe!

"Kumbe ni maharage tu," alisema Mzee Gervasi hatimaye, taratibu. "Mimi nilidhani mwili umeanza kuniozea."

Aliyeanza kucheka ni yeye. Wengine walifuata.

Kesho yake alimwambia mkewe, kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya pili: "Mwambie mama Bryson anipikie. Lakini kidogo!"

Alianza na nusu kikombe. Magadi yalirudi kwa ng'ombe, na vidonge vikarudi mezani. Miezi mitatu baadaye presha ilisoma 138 kwa 86. Nyama bado anakula, Jumapili. Habari za choo chake, ambazo ni njema, zimetolewa na Mama Perpetua.

Tatizo la Letisia sasa ni wanaume. Wazee wengi wakimwona na daftari humwambia hawajambo, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo amemwomba baba mkwe, kupitia kwa Felician, awe anafuatana naye. Anatamani mwakani kila kitongoji kiwe na mzee mmoja wa namna hiyo, aliyeyapitia na asiyeona haya kuyasimulia.

Wiki iliyopita walikwenda kwa Mzee Maximilian, ambaye alikuwa ameacha maharage siku ya tano. Letisia alisalimia, akatoka nje. Sauti ya Mzee Gervasi ilimfuata hadi uani.

"Utatoa hewa, mwenzangu, na watakucheka. Bora wakucheke upo, kuliko wakulilie haupo."

Letisia alikuwa ameinama, akijifanya anafunga kamba za viatu, macho yamemjaa machozi.

"Mimi ni mkwe," anasema. "Sikusikia kitu."