Tumwagile na gurudumu linalong'oa mabomba ya visima

Saa mbili na nusu asubuhi, jua la kata ya Ulaya limeshaanza kuuma. Tumwagile Mwakilema amepiga magoti kando ya kisima, sikio lake limegusa bomba la chuma lililochomoza ardhini. Anagonga kwa spana mara moja, anasikiliza. Anagonga tena.

"Limeshikwa chini, siyo katikati," anamwambia mwenzake, Yusrah. "Tusimamishe nguzo."

Ni wiki ya saba sasa pampu hii ya mkono haijatoa maji. Kaya 140 za kitongoji hiki, wilayani Kilosa, zinachimba maji kwenye mchanga wa mto uliokauka, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Mwezi uliopita trekta la kukodi lilijaribu kung'oa mabomba ili pampu itengenezwe. Mnyororo ulikatika, bomba halikusogea hata kidogo.

Watu wamejaa. Upande mmoja wamekaa wakulima, upande wa pili wafugaji, na katikati pameachwa nafasi. Wakulima wanasema pampu iliuawa na wafugaji, kwa kuivuta kutwa kucha wakinywesha ng'ombe. Kamati ya maji ilishaamua kwamba hata ikipona, wafugaji hawataigusa.

Mzee Budeba, mfugaji aliyehamia hapa na familia yake kutoka Kanda ya Ziwa miaka kumi na minane iliyopita, anasogea na fimbo yake.

"Shikamoo, baba," Tumwagile anamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiyo mimi, baba."

Mzee anamtazama, kisha anautazama mtambo uliokaa juu ya mkokoteni. "Trekta limeshindwa," anasema.

"Nimeambiwa, baba."

Mtambo wenyewe hauna injini. Una gurudumu zito la chuma, kilo 84, lililotoka kwenye injini kuukuu ya mashine ya kusaga nafaka. Una mpini wa kuzungushia, klachi na giaboksi ya pikapu, na ngoma ya kuviringia waya. Waya hupita kwenye kapi iliyofungwa juu ya nguzo tatu za chuma, kisha hushuka kushika bomba.

Wanawake wawili huzungusha gurudumu kwa dakika moja hivi, mpaka linavuma lenyewe. Hapo Tumwagile huachia klachi, na nguvu yote iliyokusanywa ndani ya gurudumu huenda kwenye waya kwa mpigo mmoja. Kipande cha chuma huangukia meno ya ngoma ili kilichopatikana kisirudi.

"Mabomba ya kisima hiki chote hayafiki kilo mia tatu," anaeleza. "Siyo uzito unaokushinda, ni mchanga ulioyakumbatia. Trekta lilivuta kwa hasira. Ukivuta hivyo, bomba linaweza kukatika chini, na likikatika kisima kimekufa. Mimi nalishtua. Kidogo, halafu tena kidogo, mpaka mchanga uachie."

Tumwagile ana miaka 43 na anaishi Mabwerebwere, Kilosa mjini. Babu yake alikuja kutoka Rungwe kukata mkonge, akabaki. Baba yake, marehemu Yeremia, alikuwa kwenye genge la reli, kazi yake kuinua reli kwa mitaimbo. Hakuna aliyetarajia binti yake angerithi kazi ya kuinua vitu vizito, naye mwenyewe hakuitaka.

Iliyomsukuma ni ajali ya mumewe. Mwaka 2015, walipokuwa wakiishi Mikumi, Optatus alikuwa fundi kwenye gereji ya mtu binafsi huko, kando ya barabara kuu. Wanaume wanne walikuwa wakiinua giaboksi ya lori kwa mikono. Mmoja akateleza. Uzito wote ukamlalia Optatus, na mgongo ukatoa mlio aliousikia yeye mwenyewe.

"Nililala chali miezi mitano," anasema Optatus, ambaye sasa huchomelea vyuma akiwa amekaa kwenye kiti. "Mke wangu alikuwa ananigeuza kitandani. Mimi nilikuwa mtu wa kilo tisini, yeye hafiki sitini. Nikawa namwona anavyohangaika kunishika, ananishika hapa, anashika pale, mpaka akajua pa kushika. Kuanzia siku hiyo ananigeuza kwa mkono mmoja."

Ili nyumba ipate kula, Tumwagile aliuza maandazi stendi ya Mikumi. Meza yake ilikuwa mbele ya mashine ya kusaga. Kila jioni alimwona mwendeshaji akikata mafuta, injini ikinyamaza, lakini lile gurudumu kubwa likiendelea kuzunguka na kumaliza kusaga mahindi yaliyobaki kwenye mdomo wa mashine.

"Nikajiuliza, injini imekufa, sasa anayesaga ni nani?" anakumbuka. "Nikaenda nyumbani nikamuuliza mume wangu. Akasema, niletee karatasi."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali Optatus kuomba kitu kingine zaidi ya dawa.

Walichukua miaka miwili. Mtambo wa kwanza ulikata waya siku ya kwanza, na waya ule ukamchana Tumwagile mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo. Kovu lipo, wala halifichi. Walichojifunza ni kwamba nguvu ya gurudumu haina budi kupokelewa na waya uliokwisha kukazwa, bila ulegevu. Tangu hapo hajaumia yeye wala Yusrah, na ameshang'oa mabomba ya visima 26 Kilosa na Mikumi, pamoja na malori matatu yaliyozama kwenye matope.

Huku kisimani Ulaya, kazi inaanza. Yusrah na mwanamke mmoja wa kitongoji wanazungusha. Gurudumu linavuma. Tumwagile amechora mstari wa chaki kwenye bomba, usawa wa mdomo wa kisima.

"Achieni mpini! Tokeni!"

Nguzo zinalia. Waya unatetemeka. Mstari wa chaki uko palepale.

Mara ya kumi, palepale. Mara ya kumi na tisa, mguu mmoja wa nguzo unaanza kudidimia, na watu wanapiga yowe. Tumwagile anasimamisha kazi. Anashusha kwenye mkokoteni vipande vya mataruma ya zamani ya reli, anavipanga chini ya miguu yote mitatu, anamimina maji kuzunguka bomba, anakunywa chai taratibu. Mtu mmoja upande wa wakulima anacheka kwa sauti. Yeye hageuki.

Mara ya thelathini na moja, mstari wa chaki unapanda upana wa kidole.

Hakuna anayepiga makofi. Wote wamesogea, na ile nafasi ya katikati imejaa watu. Mpigo unaofuata unaleta vidole viwili. Unaofuata, shubiri. Kisha Tumwagile anaondoa gurudumu kwenye kazi, anabadili gia, na mabomba yanaanza kupanda polepole kwa mkono, moja baada ya jingine. Sasa hata msichana wa shule angeweza kuyainua.

La kumi na tatu, la mwisho, linatoka saa nane mchana. Tumwagile analilaza chini, anafuta tope, na kuingiza kidole gumba kwenye tundu lililoliwa na kutu. Kwenye silinda ya pampu, iliyofungwa mwishoni mwa bomba, mchanga umejaa umeshikamana kama saruji.

Anamwita mwenyekiti wa kamati ya maji, Bi Mwanne, ambaye ni mkulima. "Mama, weka kidole hapa. Hii ni kutu ya miaka mingi. Mchanga uliingia hapa. Hata mngekuwa mnachota ndoo mbili kwa siku, ingekufa tu."

Bi Mwanne anaweka kidole, anakitoa, anakitazama. Anainuka na kumgeukia Mzee Budeba mbele ya watu wote.

"Baba Budeba, tulikukosea."

Mzee anapangusa fimbo yake kwa kiganja. "Nimesikia," anasema. "Kwanza maji."

Mabomba mawili mapya yanawekwa mahali pa yaliyooza, silinda inasafishwa, na inapotimu saa kumi na moja jioni pampu imesimikwa tena. Bi Mwanne anamwita Getrude, mke wa Mzee Budeba, aanze yeye. Getrude anasita, kisha anashika mpini. Maji yanatoka na tope, halafu meupe. Ndipo vigelegele vinapopasuka, pande zote mbili.

"Shule niliishia darasa la saba," anasema Tumwagile akikunja waya. "Lakini leo nimefanya kilichoshinda trekta, na sijamwumiza mtu mgongo. Nikilala usiku, najisifu. Acha nijisifu."

Kwa sasa yeye na Optatus wanatengeneza mtambo wa pili. Vidunda, milimani, kuna visima viwili vilivyokufa ambako hata mkokoteni haufiki. Gurudumu la mtambo huo litakuwa la pete nne zinazofungwa kwa bolti, na hakuna kipande kitakachozidi kilo 25. Wanawake sita wa huko wameshajiandikisha kujifunza.

"Pete mbili ziko tayari, mbili bado," anasema. "Mvua zikiisha, mwezi wa sita, tunapanda. Na nikishuka, mtambo utabaki kule kule, mikononi mwa hao wanawake."