Kipa Wetu Mkorea na Msimu wa Ziada

Siku ya kwanza kipa wetu Mkorea alipokuja uwanjani, hakuniuliza jina. Aliniuliza nimezaliwa mwaka gani. Nilipomtajia, akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi, kisha akanionyesha mfuko wa mipira: mimi mdogo, nibebe. Nikabeba. Sisi Watanzania wa timu hatukuona ajabu yoyote, mkubwa ni mkubwa hata awe katoka wapi. Aliyebisha ni nahodha wetu, Mkenya, nesi wa hospitali moja ya magharibi ya Sydney. Alisema hapa ni Australia, kila mtu ajibebee. Wiki iliyofuata naye alikuwa anabeba koni, tena bila kunung'unika.

Tulikuwa timu ya ligi ya Jumapili, ya watu wazima wenye vitambi na madeni ya usingizi. Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi kidogo, na taabu yetu ilikuwa moja tu: kila mtu alijiona mshambuliaji. Golini tulipeana zamu kwa lawama, kama watu wa nyumba moja wanaogombania nani aoshe choo. Ndipo mwenzetu mmoja aliyefanya naye kazi ya ujenzi akatuletea huyu mzee kutoka mtaa wa Lidcombe. Alikuwa fundi wa vigae. Wiki nzima anapiga magoti kwenye mabafu ya watu, Jumapili anakuja kuyagongesha magoti yale yale kwenye nyasi.

Kwao alikuwa mchezaji wa kulipwa, na hilo alitaka lijulikane. Lililomuuma ni kwamba ujana wake wote uliishia benchi, nyuma ya kipa mwenzake ambaye haumwi wala haumii. "Even flu, hapana!" alikuwa akituambia, na hasira bado mbichi. Alifanya mazoezi kila siku, akavaa glovu kila mechi, akakaa. Kwa hiyo alipopata goli letu, na nyavu zake zilizotoboka, alilishika kama mtu aliyepata nyumba yake baada ya kupanga maisha yote.

Mimi nilikuwa beki wake wa kati. Siku za kazi naendesha lori la makontena kutoka bandari ya Port Botany, peke yangu na redio. Jumapili nilikuwa na mtu wa kunifokea. Kiswahili chake alijifunzia mgongoni kwangu: "Toka! Rudi! Mtu nyuma! Wewe, kwenda lala nyumbani!" Na matusi mawili matatu, sitamtaja aliyemfundisha. Tukishinda, mkewe anafungua buti la gari na kutoa wali uliofungwa kwenye mwani, na hakuna aliyethubutu kugusa kabla mzee hajaonja. Ilikuwa miaka mitamu, nasema kweli. Mpaka leo nikikwama kwenye foleni ya bandarini nayakumbuka yale makelele, na roho inaniuma kwa jinsi nilivyoyazoea bila kujua.

Magoti yakamwisha. Akaanza kufungwa mabao ya chini, yale ya polepole, mpira umeshapita na yeye bado yuko njiani kushuka. Siku moja kule St Marys tulifungwa bao ambalo hata mfungaji wake hakushangilia, aliona aibu. Baada ya mechi tukabaki watu watatu kwenye maegesho: nahodha, mimi, na beki wa kulia, Mkongo.

"Buda amechoka, wasee," nahodha akasema. "Someone has to tell him."

"Mais nani?" Mkongo akauliza. "Mzee kama ule unamuambia namna gani? Mimi, non."

"Twendeni nyumbani kwake," nikasema. "Tukamwambie kwa heshima."

Hapo ndipo tulipoharibu. Mzungu angepiga simu, kwisha. Sisi tukavaa makoti, tukanunua tikiti maji na katoni ya juisi, tukaenda Lidcombe Jumamosi mchana kama tunakwenda kuposa. Njiani nahodha aliapa atasema bila kuzunguka. Mkewe akatukaribisha, akatumenyea mapeasi, akaleta supu, akaleta ile kabichi yao yenye pilipili, akaongeza supu. Nahodha aliyeapa njiani akawa anakula tu. Ukutani palikuwa na picha ya mzee enzi za ujana wake, jezi ya klabu, glovu mkononi, amekaa benchi. Nilipoiona, nikahamisha macho kwenye bakuli langu.

Basi nikaanza mimi, kama nilivyolelewa. Kwanza shukrani, halafu afya, halafu habari za kwao, ndipo nikasogea taratibu. "Mzee, umetubeba sana. Sasa haya magoti yako yanatusumbua mawazo. Mtu akitumika namna hii, unajua tena, inafika wakati wenzake nao wanapaswa kumfikiria." Nikarudia yote kwa Kiingereza, nako nikazunguka vile vile.

Alisikiliza amefumba macho. Kisha akajipiga goti.

"I understand," akasema. "Nyinyi naogopa mimi acha." Akamwelezea mkewe kwa Kikorea, akatugeukia macho yamelowa. "No worry. One more season. Kwa nyinyi."

Nahodha akanitazama. Mimi nikamtazama Mkongo. Mkongo, Mungu amsamehe, akapiga makofi. Tungefanyaje? Tukapiga makofi wote.

Kwenye gari nahodha alinisema njia nzima. "You had one job, bro!" Nikamjibu kwamba yeye mdomo wake ulikuwa umejaa supu. Tukacheka sana, halafu kicheko kikaisha, maana tulijua kinachotungoja.

Msimu ule wa ziada tulilinda goli kuliko wakati wowote. Hatukukaa kikao kupanga. Ila kila beki alijua mpira ukitupita umeingia, na mzee atakwenda kuuokota nyavuni mbele ya watu. Nikaanza kukimbia alfajiri kabla ya kazi, mimi niliyekuwa nachukia hata ngazi. Mkongo, aliyezoea kupanda mbele na kusahau njia ya kurudi, hakuvuka tena nusu ya uwanja. Nahodha alizuia mashuti kwa mbavu, kwa tumbo, na siku moja kwa uso. Nyuma yetu mzee anafoka, "Vizuri! Toka! Vizuri!", na jezi yake safi mpaka filimbi ya mwisho. Ubingwa hatukupata, lakini hakuna timu iliyofungwa mabao machache kama sisi.

Siku ya kufunga ligi, katikati ya moshi wa nyama choma bustanini, waandaaji wakampa mzee tuzo ya kipa bora. Wake zetu wakapiga vigelegele. Nilijisikia furaha isiyo na mfano: tumemstiri mzee wetu, na mwenyewe hajui.

Akaipokea tuzo, hakwenda kwenye kipaza sauti. Akaja moja kwa moja mezani kwetu sisi watatu.

"This year, wife hakuna fua jezi yangu," akasema. "Hakuna udongo." Akanyoosha kidole kwenye mbavu za nahodha, kisha kwenye goti langu lililofungwa bandeji. "Udongo yote, nyinyi."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Ile siku ya tikiti maji, I understand late. Baadaye nikataka acha. Lakini kule Korea, hakuna mtu lala chini kwa goli yangu. Never. Nikataka ona kidogo zaidi." Akavuta pumzi. "Sasa nimeona. Sasa mimi acha."

Akaiweka tuzo mezani, akarudi hatua moja, akainama mbele yetu, mgongo wote, mpaka nikaona utosi wake. Mtu wa umri wa kuheshimiwa na kila mtu pale, mbele ya ligi nzima. Nikaruka kutoka kwenye kiti, nikamshika mabega nimwinue. "Mzee, usinifanyie hivi, nakuomba," nikamwambia, nalia wala sioni haya. Nikavuta tena. Hakuinuka. Alibaki ameinama mpaka mwenyewe alipoona inatosha.