Nafasi Moja Kwenye Ngozi

Ilianza siku ya Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Nina hakika kwa sababu niliandika kwa penseli kwenye daftari langu la kwanza, na daftari hilo ninalo mpaka leo, hapa bwenini Lodwar. Kila nikilifungua linanuka samaki mkavu. Wenzangu hupiga kelele, "Wee, toa hiyo kitu yako!" Mimi hucheka tu. Kueleza kwa mdomo kunanishinda kwa aibu. Nyinyi nitawaeleza kwa kalamu.

Nilikuwa na miaka tisa, nikikaa Kakuma na Ata, yaani bibi yangu mzaa mama. Mwaka huo mvua ilikuwa imetukataa kabisa, na kila familia ilipewa kuponi za chakula: karatasi ndogo za rangi za kupeleka dukani kwa Abdi. Kijani ilikuwa unga, manjano mafuta, buluu sukari. Hazikuwa na jina, mhuri tu. Aliyeileta ndiye aliyepewa. Na mwisho wa kuzitumia ulikuwa Ijumaa.

Kuponi za majirani wote zilikaa kwa Ata, na sababu ni mbuzi. Mbuzi wa Kakuma wakikosa majani hula karatasi, na Ata peke yake ndiye aliyekuwa na mkebe wa biskuti wenye kifuniko cha kubana. Alasiri alizitandaza juu ya ngozi ya ng'ombe mbele ya nyumba, safu safu, kila moja na kijiwe juu isipeperuke, kisha akazitazama kimya kama mtu anayetazama mifugo ikiingia zizini. Hakuwahi kuzihesabu. Kuhesabu mali ya watu, alisema, ni kuiitia mkosi. Kusoma pia hakujua.

Sasa mimi nilikuwa namba tatu darasani, na kichwa kilikuwa kimevimba. Ata alipoenda bombani kuteka maji na kuniachia kazi ya kufukuza mbuzi, nilitazama safu zake nikaona hazina mpango wowote: kijani, buluu, buluu, manjano, tena kijani. Nikaamua kumsaidia. Nilizikusanya zote, nikazipanga upya kwa rangi, kingo zikalingana kama madaftari kwenye meza ya mwalimu. Zilipendeza, siwadanganyi. Na lile rundo la buluu lilikuwa nene. Nene sana. Ulimi wangu ukakumbuka sukari. Ikipungua moja, nani atajua? Nikachomoa moja, nikaitia katikati ya daftari, nikalikalia.

Ata alirudi na jerikeni kichwani. Nyuma yake walikuja Mama Ekai, jirani yetu aliyeuza makaa, na Mama Nakiru, aliyeolewa kutoka Kalokol, kando ya ziwa, na kuuza samaki mkavu aliotumiwa na ndugu zake. Mama Nakiru alikuwa amembeba mgongoni mtoto aliyekuwa ametoka kuugua, ambaye uji usio na sukari aliutema wote.

"Ejok, msomi wetu," Mama Ekai alinisalimu. Halafu akaiona ngozi. "Aiii! Huyu msichana amechanganya mbuzi ya watu wote!"

"Nimezipanga," nikasema kwa sauti ya mbu. "Kwa rangi."

"Rangi! Kwani rangi ndio itapika?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Zile safu hazikuwa za unga wala mafuta. Kila safu ilikuwa nyumba moja. Na kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Ata hakupandisha sauti. Alitua maji, akaketi, akanyoosha miguu, akaokota kuponi ya kwanza. Aliigeuza kwenye mwanga. Ukingoni palikuwa na alama ya kidole, nyeusi ya masizi. "Ya Ekai," akasema, akaiweka. Nyingine ilikuwa imekunjwa mara mbili kisha pembe, kwa namna ya mama mmoja aliyezoea kuficha vitu vyake ndani ya shanga za shingoni. Nyingine ilikuwa na mafuta mekundu ya kujipaka. Nyingine aliisogeza puani tu. "Kalokol hii," akasema, na Mama Nakiru akacheka mpaka mtoto akaamka. Moja baada ya nyingine, bila kusita, kama mchungaji anayetenganisha makundi yaliyokutana kisimani. Jina la mwenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye kila karatasi, na mimi msomi sikuliona. Sijawahi tena kuona mtu akisoma vile.

Alipomaliza, alitazama ngozi yote kwa mara moja. Hakuhesabu. Katika safu ya Mama Nakiru alisogeza vijiwe, akaacha nafasi ya karatasi moja.

"Mmoja hayuko," akasema, kana kwamba anataja mbuzi.

Mama Nakiru aliacha kucheka. "Ni ya sukari?"

"Bado iko malishoni. Itarudi asubuhi."

Kisha akaniomba maji ya kunywa. Nilipompa kikombe aliushika mkono wangu, akausogeza karibu na uso kidogo, akauachia. Nilidhani ni uzee tu, ananitafuta kwa macho mabovu. Ilinichukua miaka, na daftari hili lisiloacha kunuka, kujua kwamba alikuwa amenisoma na mimi pia. Alijua, na mbele ya wale wanawake hakunitaja. Aliniachia mlango wazi kama anavyoachiwa mbuzi aliyepotea, ili aingie mwenyewe bila kufukuzwa kwa fimbo.

Asubuhi yake niliamka kabla ya nzi. Kuponi zilikuwa zimetolewa mkebeni na kupangwa tena juu ya ngozi, na ile nafasi ilikuwa inanitazama. Ata alikuwa amechutama akikamua, amenipa mgongo, na sidhani alihitaji kukaa vile muda wote ule kwa mbuzi mwenye maziwa ya vikombe viwili. Niliitoa kuponi kwenye daftari, nikailaza mahali pake, nikaiwekea kijiwe. Kisha niliongozana na Mama Nakiru mpaka dukani kwa Abdi, nikambebea sukari yake kichwani. Pakiti ilikuwa imetoboka kidogo, na njia nzima punje zilinidondokea shavuni, moja moja, mpaka kwenye pembe ya mdomo. Sikulamba hata moja.